Pennsylvania: Masharti ya leseni kwa wafugaji wa mbwa wa biashara

MTU yeyote anayefuga au kuhifadhi mbwa 26 au zaidi katika mwaka mmoja katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, sharti apate leseni ya banda kutoka kwa Wizara ya Kilimo ya jimbo hilo. Hesabu hiyo hujumuisha hata watoto wa mbwa, hivyo mwenye majike machache tu hufikia kiwango hicho upesi. Leseni hudumu hadi Desemba 31, na wakaguzi hulitembelea kila banda angalau mara mbili kwa mwaka.

Masharti makali zaidi huwahusu wanaouza zaidi ya mbwa 60 kwa mwaka au wanaoyauzia maduka na madalali. Hayo yalitokana na marekebisho ya mwaka wa 2008 ya Sheria ya Mbwa ya 1982, yaliyotiwa saini na Gavana Ed Rendell.

Awali wafugaji wengi walifuata kipimo cha serikali ya kitaifa, ambacho humpa mbwa nafasi inayozidi urefu wa mwili wake kwa inchi 6 pekee. Mnyama angeweza kuishi humo maisha yake yote, akikanyaga waya, bila kugusa ardhi. Sheria mpya iliongeza nafasi hiyo maradufu, ikapiga marufuku sakafu za waya kwa mbwa waliozidi wiki 12, na kuagiza wawe na uwanja wa kutembelea nje. Aidha, daktari wa mifugo sharti awapime kila baada ya miezi sita.

Kifungu kimoja kina historia ya kusikitisha. Katikati ya mwaka huo wa 2008, wenye mabanda wawili katika Kaunti ya Berks waliwapiga risasi mbwa wapatao 80 baada ya wakaguzi kuwaagiza baadhi yao watibiwe. Kitendo hicho hakikuvunja sheria ya wakati huo. Risasi ilikuwa nafuu kuliko matibabu. Tangu marekebisho hayo, katika mabanda ya biashara ni daktari wa mifugo pekee anayeruhusiwa kumuua mbwa.

Wafugaji, wakiwemo wakulima wa madhehebu ya Amish katika Kaunti ya Lancaster, walilalamika kwamba gharama zingewafilisi. Wengi wao walirejesha leseni zao badala ya kujenga mabanda upya.