Injili ya Kushikika: Watoto wa Songwe na Walimu Wao

Mwaka 1900 mtambo wa uchapaji wa misheni ya Livingstonia, huko Nyasa (Malawi ya leo), ulitoa kijitabu cha ngano za Wanyamwanga. Aliyezikusanya alikuwa Emmeline Dewar, mke wa Alexander Dewar, mmisionari wa Kanisa Huru la Uskoti aliyefungua kituo cha Mwenzo katikati ya miaka ya 1890. Mwenzo leo iko upande wa Zambia, katika wilaya ya Nakonde, lakini wenyeji wake na wenyeji wa Tunduma, upande wa Tanzania, ni watu wa kabila moja, waliotenganishwa na mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1890 na kuupima mwaka 1898. Hivyo moja ya maandishi ya mwanzo kabisa kutoka ukanda huu yalikuwa hadithi za aina anazosimuliwa mtoto jioni na bibi yake.

Jambo hilo lina uzito. Habari za kuwafundisha watoto Injili katika nchi ambayo tangu 2016 inaitwa Mkoa wa Songwe husimuliwa kwa kawaida kana kwamba zilianza na wageni walioleta kengele, kitabu na picha. Ni kweli walivileta. Lakini walikuta watoto wakifundishwa tayari, tena kwa macho, kwa mikono, kwa wimbo na kwa mchezo, na kila mahali mafundisho ya Kikristo yaliposhika mizizi hapa, yalishika kwa sababu mwalimu aliifuata njia hiyo.

Mtoto wa Kinyiha au wa Kinyamwanga wa zama hizo aliingia shambani mapema. Aliona matawi yakikatwa, yakirundikwa na kuchomwa ili majivu yarutubishe ardhi ya ulezi, kisha akaiona punje yake ndogo ikijaza ghala. Aliona chuma kikizaliwa. Wanyiha walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, kazi ambayo mtafiti Beverley Brock aliieleza katika maandishi yake ya katikati ya miaka ya 1960. Jioni vikaja vitendawili, ambavyo ni masomo kamili ya vitu: kitendawili humlazimisha mtoto akitazame upya chungu, jembe au yai analoliona kila siku, mpaka agundue kuna jambo ambalo hakuwa ameliona. Mwalimu yeyote wa dini aliyejua kusikiliza alikuwa amewekewa njia.

Wamisionari waliofika Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, mwaka 1899 walitoka katika kanisa ambalo lilikuwa limefikiri juu ya watoto kwa muda mrefu kuliko makanisa mengi. Wamoravian waliingia Unyakyusa mwaka 1891, wakiongozwa na Theodor Meyer, wakajenga Rungwe, kisha wakasonga magharibi hadi Usafwa na Unyiha. Kanisa lao lilitokana na Umoja wa Ndugu wa Bohemia na Moravia, na askofu wa mwisho wa umoja ule wa zamani alikuwa Jan Amos Comenius, mtu anayehesabiwa miongoni mwa baba wa elimu ya kisasa. Comenius alifundisha kwamba hakuna kinachoingia akilini mwa mtoto bila kupitia kwanza machoni, masikioni au mikononi. Mwaka 1658 alitoa kitabu chake kiitwacho Orbis Pictus, cha picha na maneno, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa mfano wa vitabu vya watoto Ulaya. Mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, ndiye aliyemweka wakfu askofu wa kwanza wa Wamoravian waliofufuka upya huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1735.

Urithi huo haukubaki vitabuni. Agosti 1727 watoto wa Herrnhut, akiwamo Susanna Kühnel mwenye umri wa miaka 11, walianza kukutana wenyewe kuomba, na hadi leo kalenda ya Wamoravian inaikumbuka tarehe 17 Agosti kama sikukuu ya watoto. Desemba 1747, huko Marienborn nchini Ujerumani, Johannes de Watteville alitaka kuwaeleza watoto maana ya kuzaliwa kwa Kristo. Aliwagawia kila mmoja mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu, ukiwashwa, wauchukue hadi nyumbani. Karibu karne moja baadaye, katika miaka ya 1830, shule ya Wamoravian ya Niesky iliwafundisha wavulana hesabu za maumbo kwa kutengeneza nyota ya karatasi yenye ncha nyingi. Somo lile la jiometri likageuka pambo la Majilio katika makanisa ya Moravian ulimwenguni. Hata nembo ya kanisa hili, Mwanakondoo abebaye bendera ya ushindi, ni fundisho ambalo mtoto asiyejua kusoma anaweza kulielewa akielekezwa kwa kidole.

Wa kwanza kuishi Mbozi kwa muda mrefu alikuwa Traugott Bachmann, aliyekaa kati ya Wanyiha mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomwondoa mwaka 1916. Miaka ilivyopita Bachmann alibadilika. Alizoea kuwauliza wazee wa Kinyiha kuhusu mila zao kabla ya kuamua Mkristo aache nini na abaki na nini, msimamo uliowaudhi baadhi ya wakubwa wake. Alijifunza Kinyiha kwa kina, na mwaka 1913 Agano Jipya katika lugha hiyo likachapishwa. Kwa watoto, faida yake ilikuwa kubwa: mfano wa mpanzi au wa kondoo aliyepotea uliwafikia katika lugha ileile waliyotumia machungani.

Wamoravian hawakuwa peke yao. Kaskazini, kwenye bonde la Rukwa, Mapadre Weupe walikuwa na misheni Mkulwe, na Padre Alois Hamberger alianza mwaka 1909 kuchapisha katika jarida la Anthropos mapokeo na desturi alizozisikia pale. Wakatoliki nao walikuwa na chombo chao cha watoto, Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, ambacho bado kinawakusanya watoto wa parokia kwa sala, nyimbo na sadaka kwa ajili ya watoto wenzao.

Lakini kitu cha kushangaza kinaweza kupotosha somo. Mfano mzuri anautoa David Livingstone, ambaye misheni ya Waskoti ilichukua jina lake. Mapema mwaka 1854, katika baraza la mtemi Shinte wa Walunda, alionyesha kwa taa ya picha Abrahamu akiinua kisu juu ya Isaka. Wanawake walitazama kimya. Alipoisogeza picha ili aweke nyingine, kisu kikaonekana kuwajia wao, wakakimbia wakipiga kelele. Walikumbuka kisu, na pengine si Abrahamu. Kila mwalimu wa watoto aliyewahi kuleta darasani kitu cha ajabu kupita kiasi anakijua kisa hiki hata kama hajawahi kukisoma.

Vita vya 1914 viliupita mpaka huu kwa ukatili. Fife, boma la Waingereza jirani na Mwenzo, lilishambuliwa, na Mwenzo yenyewe ikaachwa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipoingia kutoka kusini, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa. Waskoti wa Livingstonia walipewa jukumu la kuangalia makanisa ya Wamoravian, lakini walikuwa wachache na eneo lilikuwa kubwa mno. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, na Vita vya Pili vikawaondoa tena. Katika mapengo yote hayo waliobaki na watoto walikuwa walimu wenyeji.

Hao ndio wanaostahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii. Shule ya kijiji ilikuwa kibanda cha nyasi au kivuli cha mti. Ubao ulikuwa adimu, daftari adimu zaidi, na watoto waliandika herufi mchangani kwa kidole. Asiyekuwa na picha alitumia alichokuwa nacho: mbegu, fimbo ya mchungaji, chungu kilichopasuka, wimbo wenye makofi. Upande wa Mwenzo kulitoka walimu waliokwenda mbali zaidi ya darasa. Donald Siwale, Mnyamwanga aliyesomea Chuo cha Overtoun cha misheni ya Livingstonia, mwaka 1923 aliungana na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, katika Chama cha Ustawi cha Mwenzo, moja ya mizizi ya siasa za Zambia huru. Walianza kwa kuwafundisha watoto kusoma.

Baada ya uhuru kulikuja badiliko ambalo halitajwi sana makanisani. Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1970, ilizitaifisha shule za misheni Tanzania. Kipindi cha dini kiliendelea kuwapo kwenye ratiba, lakini kanisa halikuwa tena na mtoto siku tano kwa wiki. Sande skuli, ambayo zamani ilikuwa nyongeza ya shule, ikabeba mzigo wote kwa saa moja au mbili za Jumapili, na mwalimu wake akawa mtu wa kujitolea, mara nyingi mama au kijana wa kwaya. Saa moja haitoshi kwa mahubiri marefu. Igizo la Krismasi, ngonjera, mistari ya kukariri na mashindano ya kuimba vilichukua nafasi, na hilo lilikuwa jema kwa watoto.

Songwe ina hazina ya vielelezo ambayo haijatumiwa ipasavyo, na Ivuna, wilayani Momba, ndiyo ya kwanza. Uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Brian Fagan katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walitengeneza chumvi hapo tangu karibu karne ya 13. Udongo wenye chumvi huwekwa kwenye chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu, yakashuka na chumvi, kisha yakachemshwa mpaka yakauke. Udongo uliobaki hauna kazi tena. Hutupwa, watu wakaukanyaga. Yesu alitumia chumvi kama mfano katika Injili ya Mathayo, na mtoto wa jijini aliyezoea pakiti ya dukani hushindwa kuelewa chumvi inawezaje kupoteza ladha yake na kutupwa nje. Mtoto aliyeona kazi ya Ivuna anaelewa bila maelezo mengi. Vivyo hivyo kimera cha ulezi kinaeleza chachu vizuri kuliko hamira ya kopo, na punje ya ulezi yenyewe inaeleza haradali.

Zana zinazotoka mbali zinahitaji uangalifu. Kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tupu, kilitokana na mahubiri ya Charles Spurgeon jijini London mwaka 1866: nyeusi ikiwa dhambi, nyekundu damu ya Kristo, nyeupe moyo uliosafishwa. Dwight Moody aliongeza dhahabu mwaka 1875, na kijani ikaja baadaye. Makundi ya uinjilisti wa watoto yamekisambaza sehemu nyingi duniani, kwa kuwa hakihitaji kusoma wala kutafsiriwa. Ni zana nyepesi na ya busara. Lakini mwalimu Mwafrika anayeitumia asipande kichwani mwa mtoto mweusi wazo kwamba rangi yake ndiyo dhambi. Wengi siku hizi husema ukurasa wa giza, na wanafanya vyema.

Tunduma ya leo imebadilisha darasa lenyewe. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia, vilivyokamilika katika miaka ya 1970, viliufanya mji huu wa mpakani kukua kwa kasi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 200,000 katika halmashauri ya mji. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa. Darasa moja la Jumapili linaweza kuwa na mtoto wa Kinyamwanga, wa Kinyiha, wa Kinyakyusa na wa dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam, wote wakiunganishwa na Kiswahili. Ngano ya kijijini haiwafikii wote, na shamba la ulezi wengine hawajaliona.

Wanachokijua wote ni mpaka. Wanaijua shilingi na wanaijua kwacha, na wanajua kila moja ina picha gani na inakubalika wapi. Mwalimu anayetaka kueleza jibu la Yesu kuhusu kodi na sura ya Kaisari hahitaji picha ya dinari ya Kirumi. Aweke mezani noti mbili na kuwaacha watoto wabishane. Akifundisha juu ya Mungu asiyebagua taifa, ana malori yenye namba za Kongo, Zambia na Tanzania kwenye foleni nje ya kanisa. Vizibo vya soda vinakuwa makabila kumi na mawili, boksi la bidhaa linakuwa safina, na watoto waliolikata na kulipaka rangi wanaweza kumsimulia Nuhu kwa wazazi wao.

Kazi hii bado haina maandishi ya kutosha. Vitabu vya Sande skuli vingi vinavyotumika vimeandikiwa watoto wa mahali pengine, na mafundisho bora ya Vwawa, Mlowo au Tunduma hubaki kichwani mwa mwalimu mpaka ahame au azeeke. Makanisa yana semina za walimu wa watoto. Yangeweza kuwapa kila mmoja daftari na kumwomba aandike somo moja lililofaulu, pamoja na kitu alichokishika mkononi siku hiyo.