Mafuta Yanayobana Pumzi: Bengt Samuelsson na Fumbo la Pumu

Mgonjwa wa pumu anapoamka saa tisa usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda, mabega juu, kifua kikipiga mluzi, huambiwa kwamba mirija yake ya hewa imebana. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Ni kitu gani kilichoibana? Swali hilo liliwahangaisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 40. Jibu lilipopatikana Stockholm mwaka 1979, lilionyesha kwamba kuilegeza misuli ya mirija peke yake hakutoshi. Makala haya yanadai kwamba thamani kubwa ya jibu hilo imo katika namna lilivyoueleza ugonjwa wenyewe, kuliko katika vidonge vilivyozaliwa nalo.

Fumbo lilianzia Melbourne mwaka 1938. Wilhelm Feldberg na Charles Kellaway walipitisha sumu ya swila katika mapafu ya simbilisi, wakayakinga majimaji yaliyotoka, kisha wakayajaribu kwenye kipande cha utumbo wa simbilisi kilichotundikwa chomboni. Histamini, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, ikigusa utumbo wa namna hiyo, msuli hunywea papo hapo na hulegea histamini ikioshwa. Majimaji haya yalitenda vingine. Msuli ulianza kunywea taratibu, ukakaza, ukakaa hivyo kwa muda mrefu. Bila kujua ni kitu gani, watafiti walikiita kwa tabia yake: kitu kitendacho polepole. Kufikia mwaka 1960 ilikuwa imeonekana kwamba mapafu ya watu wenye pumu nayo hukitoa yanapokutana na chavua inayowadhuru. Mshukiwa alikuwa amepatikana, ila hakuwa na jina. Alitokea kwa kiasi kidogo mno, na aliharibika upesi mikononi mwa kila aliyejaribu kumsafisha.

Bengt Samuelsson, aliyezaliwa Halmstad, Sweden, mwaka 1934, hakuifuata pumu moja kwa moja. Yeye alikuwa mtu wa mafuta. Chini ya mwalimu wake Sune Bergström, katika Taasisi ya Karolinska jijini Stockholm, alijifunza kufuatilia asidi ya arakidoni, mafuta yenye kaboni 20 yaliyofumwa katika utando wa seli. Seli ikichokozwa, asidi hiyo hukatwa kutoka kwenye utando na kugeuzwa kuwa vitu vingine. Njia moja huzaa prostaglandini, zile zinazoleta homa na maumivu. Akiwa na Pierre Borgeat, Samuelsson aligundua kwamba chembe nyeupe za damu zina njia nyingine, inayoendeshwa na kimeng'enya kiitwacho lipoksijenesi 5.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndipo penye ufundi. Molekuli mpya iliyotoka katika chembe nyeupe ilipopigwa mwanga wa urujuanimno, iliunyonya kwa namna inayoashiria vifungo vitatu pacha vilivyopangwa kwa kupokezana. Kile kitu kitendacho polepole nacho kiliunyonya mwanga karibu na nanomita 280. Je, ni ndugu? Samuelsson na watafiti wenzake Robert Murphy na Sven Hammarström wakachukua seli za uvimbe wa panya, wakazipa asidi ya arakidoni yenye alama ya mnururisho, na pia sisteini, asidi amino yenye salfa, iliyotiwa alama yake. Alama zote mbili zikajitokeza ndani ya kitu kimoja. Ilikuwa molekuli ya mafuta iliyobeba kipande cha protini mgongoni, na ndiyo maana waliotafuta mafuta matupu walikuwa wamepishana nayo. Mkemia E. J. Corey wa Chuo Kikuu cha Harvard akaiunda maabara, na muundo wake ukathibitika. Wakaiita lukotrini: luko kwa sababu ya chembe nyeupe, trini kwa vile vifungo vitatu.

Mwaka 1980 kundi la Karolinska lilionyesha kwamba lukotrini hubana mirija ya hewa ya binadamu kwa nguvu ya takriban mara 1,000 kuliko histamini. Mwaka 1982 Samuelsson, Bergström na Mwingereza John Vane walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Tuzo ni heshima, lakini jambo la kutazama ni kazi za molekuli hizi kifuani. Hukaza msuli, ndiyo. Pia hufanya mishipa midogo ya damu ivuje majimaji, kuta za mirija zikavimba. Huongeza ute mzito. Na huita chembe nyingine nyeupe zije kuukoleza uvimbe. Salbutamoli, yaani ile pampu ya bluu, hulegeza msuli tu. Uvimbe na ute hubaki palepale, na mgonjwa aliyepata nafuu ya saa chache hudhani amepona.

Kuna wanaosema kwamba ugunduzi huu ulivuma kuliko matunda yake. Hoja yao ina uzito. Vidonge vya kuzuia lukotrini vilipoidhinishwa Marekani, zafirlukasti mwaka 1996 na montelukasti mwaka 1998, wengi walitarajia makubwa. Kwa wagonjwa walio wengi, steroidi za kuvuta, ambazo hutuliza uvimbe, zimeonekana kuwa bora kuliko vidonge hivyo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza montelukasti ibebe onyo kali kabisa, kwa sababu ya madhara katika akili na hisia za baadhi ya watumiaji, yakiwemo mawazo ya kujiua.

Hata hivyo, hoja hiyo inapima utafiti kwa kidonge peke yake. Tuchukue mgonjwa ambaye asprini humletea shambulio kali la pumu. Asprini huziba njia ya prostaglandini, ikiwemo ile prostaglandini inayozuia lukotrini zisizidi, na breki ikiondoka lukotrini hufurika. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kufanya vivyo hivyo. Dawa hizi huuzwa kila siku katika maduka yetu ya dawa, Mombasa hata Mbeya, na ni mara chache muuzaji humwuliza mteja, "Una pumu?" Swali hilo la maneno mawili ni tunda halisi la utafiti wa mafuta haya.

Tunda la pili ni kubwa zaidi: pumu hutibiwa kwa kutuliza uvimbe, hata siku ambazo kifua ni shwari. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, haushauri tena kumtibu mtu mzima au kijana kwa salbutamoli peke yake. Unataka apate pia steroidi ya kuvuta. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliwapata watu milioni 262 na kuua 455,000. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa mara nyingi hautambuliwi wala kutibiwa inavyostahili.

Samuelsson alifariki Julai 2024. Kwa kuuenzi utafiti wake, wizara za afya za Afrika Mashariki zihakikishe kwamba kila zahanati inayotoa pampu ya bluu ina pia steroidi ya kuvuta, kwa bei ambayo mgonjwa ataimudu kila mwezi.