Masjala ya Programu-Jalizi na Njia ya Manguredjipa

Msafiri atokaye Butembo, mashariki mwa Kongo, kuelekea magharibi, huwa na kilomita 100 hivi za udongo mbele yake, akipita Njiapanda na msitu wa Bapere, kabla ya kufika Manguredjipa. Na udongo huo, ambao wakati wa kiangazi ni vumbi la kufumba macho, mvua ikinyesha hugeuka tope la kumeza gurudumu zima, hata lori moja likizama, yaliyo nyuma yake yote husimama, na safari ya siku moja ikawa safari ya juma. Kwa sababu hiyo muuza duka wa Manguredjipa haagizi bidhaa siku anayoihitaji. Chumvi, sabuni, misumari, betri na vitenge hukusanywa katika bohari njia ingali kavu, na daftari la bohari hiyo halionyeshi bei tu, bali pia rafu ambayo kitu kimewekwa. Mwenye duka ambaye daftari lake lataja magunia ya chumvi, ilhali chumvi yenyewe ingali Butembo, ana habari ya chumvi, hana chumvi.

Nimeanza na bohari kwa kuwa tarikhi ninayotaka kuisimulia ni ya bohari pia, ingawa bidhaa zake hazishikiki kwa mkono. Watunzi wa programu za kompyuta hufanya kazi ndani ya chombo kiitwacho kihariri, nacho huzaliwa kikiwa na maarifa machache: chajua kuandika na kufuta, basi. Ujuzi wa lugha ya Java, au wa Python, au wa kugundua kosa kabla programu haijaendeshwa, huongezwa kwa vipande vidogo viitwavyo programu-jalizi, na kila kipande kina mwenyewe, jina lake na toleo lake. Vipande vikiwa kumi, mtu huvihifadhi kichwani. Vikiwa maelfu, hapana budi pawe na masjala. Neno hili ofisi za Tanzania hulitumia kwa chumba cha majalada, nalo ni ndugu wa sijili ya Kiarabu, yaani kitabu cha kuandikia mambo yasipotee, nami sijaona neno lililo bora kuliko hilo kwa kazi hii.

Manguredjipa si mgeni wa masjala. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, ambayo ilijulikana zaidi kwa herufi zake, MGL, iliundwa mwaka 1923 katika zama za Wabelgiji. Mji wa Butembo ulikua kando ya kituo chake, na dhahabu ya Manguredjipa ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya mali yake. Kampuni yenye migodi iliyotawanyika msituni na mabwana walio ng'ambo ya bahari haiwezi kuishi ila kwa daftari. Mwaka 1976 MGL na wenzake waliunganishwa kuwa SOMINKI, na hiyo nayo ilipokoma katika miaka ya 1990, kazi ya dhahabu ikabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo na wanunuzi wenye mizani ya mezani, kila mmoja na kijitabu chake mfukoni, wala hapana aliyeweza kutaja jumla.

Hali hiyo ya vijitabu visivyojuana ndiyo waliyokuwa nayo watunzi wa programu kabla ya muongo huohuo. Mtu aliyetunga kitu chenye manufaa alikiweka katika kompyuta ya chuo chake, na aliyekihitaji hakuwa na budi kuuliza huku na huku mpaka akielekezwa. Miongoni mwa wa kwanza kuikusanya mali yao mahali pamoja kwa utaratibu uliodumu walikuwa watumiaji wa TeX, mfumo wa kupanga maandishi uliotungwa na Donald Knuth, ambao mwaka 1992 walianza kuijenga hazina iitwayo CTAN. Na watu wa lugha ya Perl, walipoiona, wakaiga jina na desturi, wakafungua CPAN mwaka 1995 chini ya uangalizi wa Jarkko Hietaniemi wa Ufini. Katika hazina hizo mbili pana jambo ambalo aghalabu husahauliwa, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote: hazikukaa mahali pamoja. Nakala kamili ya bohari nzima ilipelekwa katika vyuo vya nchi nyingi, na nakala hizo zikaitwa vioo, ili mtu wa Ulaya asivuke bahari kutafuta faili iliyoko Marekani kwa waya uliokuwa mwembamba na wa gharama. Mabingwa wale hawakuwa wameiona njia ya Manguredjipa, lakini mawasiliano ya polepole yaliwafundisha akili ileile ya muuza duka wetu, ya kuiweka shehena karibu na mlaji kabla mvua haijafika.

Kisha nyaya zikanenepa, na akili hiyo ikalegea. Masjala ya npm, iliyoanzishwa na Isaac Schlueter mwaka 2010 kwa ajili ya lugha ya JavaScript, ilikua upesi kupita zote zilizotangulia, na watu wakazoea kuagiza kila kipande papo hapo, kila mara programu inapojengwa, kana kwamba duka lililo upande wa pili wa dunia ni kabati la jikoni. Tarehe 22 Machi 2016 mtunzi mmoja, Azer Koçulu, baada ya kugombana na wenye masjala juu ya jina la kazi yake nyingine, aliondoa vipande vyake vyote. Kimojawapo kiliitwa left-pad, nacho kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Lakini vipande vikubwa vilikitegemea, na vingine vikategemea hivyo, hata programu za watu wasiopata kulisikia jina lake zikakataa kujengwa, mpaka wenye masjala wakakirudisha saa chache baadaye. Walioshangaa siku ile walikuwa wengi. Mtu wa Butembo aliyewahi kungoja lori la saruji lililokwama angeielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Mambo yalikuwa yamefikia hapo ilipokuja fikra ya kukihamisha kihariri chenyewe. Hadi wakati huo kilikaa katika kompyuta ya mwenyewe. Sasa ikawa kihariri, vifaa vyake na faili za kazi vikae katika seva, ndani ya kile kinachoitwa wingu, na mfanyakazi avifikie kwa kivinjari tu, awe na kompyuta duni namna gani. Taasisi ya Eclipse, ambayo asili yake ni kazi iliyotolewa wazi na kampuni ya IBM mwaka 2001, ilipokea mradi wa namna hiyo kutoka kampuni ya Codenvy, nao ukaitwa Che, kwa heshima ya Cherkasy, mji wa Ukraine ambako wengi wa watunzi wake walikuwa wakifanya kazi. Nalipenda jina hilo, kwa kuwa ni nadra chombo kinachodai kukaa winguni kubeba jina la mji wa watu waliokijenga. Mwaka 2017 kampuni ya Red Hat iliinunua Codenvy, na Septemba 2019 likatoka toleo la saba la Che, ambalo lilikuja na masjala ya programu-jalizi iliyo huduma inayojitegemea.

Masjala hiyo, kwa sura yake ya kwanza, yastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani yake kila programu-jalizi ilikuwa na folda iliyopangwa kwa ngazi tatu, yaani mchapishaji, jina, kisha toleo, na ndani ya folda mlikuwa na faili moja fupi, meta.yaml, iliyosomeka na mtu kama ilivyosomeka na mashine. Faili hiyo ilitaja kichwa cha kipande, maelezo yake kwa ufupi, picha ya alama yake, na mwishoni anwani ambako kipande chenyewe kilipatikana. Mtumiaji alipofungua chumba chake cha kazi, Che ilisoma orodha ya vipande alivyoviomba, ikaiendea masjala, ikapewa meta.yaml ya kila kimoja, kisha ikatuma mjumbe kwenda kukichukua kipande palipotajwa na kukiweka chumbani.

Kuijenga hakukuwa kazi ngumu, ila kulitaka uangalifu. Amri moja, build.sh, ilianza kwa kukagua kwamba kila faili imekaa folda inayostahili, na kwamba hapana maelezo yaliyosahauliwa. Kisha iliandika faharasa ya vyote, na vyote pamoja vikafungwa ndani ya kontena, yaani kifurushi cha programu kinachojitosheleza, chenye seva ndogo ya wavuti. Kontena hiyo ilisimikwa katika Kubernetes au OpenShift, mifumo ya kuendeshea kontena, ikapewa anwani, na Che ikaambiwa anwani hiyo. Waliotunga amri hiyo wakaongeza neno moja la hiari, offline, ambalo kwangu mimi ndilo lenye thamani kuliko mengine yote. Neno hilo lilipotajwa, mjenzi hakutosheka na kuandika anwani za mbali: alizifuata moja moja, akapakua kila kipande, akakiweka ndani ya kontena ileile, kisha akarudi kwenye kila meta.yaml na kuifuta anwani ya zamani, akaandika badala yake njia ya ndani. Na kwa kuwa siku ya kujenga haikujulikana masjala itasimikwa wapi, njia hiyo iliandikwa bila jina la mahali, nalo likaongezwa baadaye, masjala ilipokwisha kusimikwa. Hapo daftari na shehena vilikuwa chini ya paa moja, na mtu aliweza kuukata waya wa nje, masjala ikaendelea kuhudumu.

Neno hilo liliwekwa kwa ajili ya ofisi, kama mabenki na idara za serikali, ambazo kanuni zao hazikubali kompyuta za ndani zizungumze na ulimwengu. Ukuta wao wameujenga wenyewe. Wetu umejengwa na tope, umbali na amri za wakubwa. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya bara yalianza kupita njia ileile ya shehena za wafanyabiashara wa Butembo, kutoka pwani kupitia Uganda, na kila mpaka na kila nguzo njiani ni mahali pa kukatikia. Tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo zilinyimwa kushiriki kwa hoja ya Ebola na ukosefu wa usalama, intaneti ilizimwa Kongo nzima, ikakaa gizani kwa siku zipatazo 20. Kijana aliyekuwa akijifunza kutunga programu, ambaye kila kipande chake kilitoka mbali, alikaa siku hizo zote na kihariri kisichojua lugha yoyote.

Kulikuwa na ukuta mwingine, wa sheria. Soko kubwa kuliko yote la vipande hivyo lilikuwa mali ya Microsoft, na masharti yake yaliruhusu vitumiwe na vyombo vya Microsoft peke yake, ijapokuwa vingi vilitungwa na watu wa nje waliovitoa bure. Kampuni ndogo ya Ujerumani, TypeFox, ilitunga masjala ya wazi iitwayo Open VSX, na mwishoni mwa mwaka 2020 ikaikabidhi kwa Taasisi ya Eclipse. Baadaye masjala ya Che iliacha zile folda za ngazi tatu, ikabeba tumboni mwake Open VSX ndogo iliyojazwa vipande vilivyochaguliwa na mwenye kuisimika. Sura ilibadilika, uwezo wa kukaa bila waya ukabaki.

Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, tangu mwaka 1989, na kuna wafanyabiashara ambao mikono yao imefika Dubai na Guangzhou pasipo kungoja kusaidiwa na mtu. Laiti mmoja wao angeona kwamba wingu si lazima liwe Ulaya. Kwamba kompyuta chache zenye nguvu, zilizofungwa pamoja katika chumba chenye umeme wa kuaminika, zatosha kuwa wingu la mji, na masjala iliyojengwa ikae bila waya, pamoja na kontena zote inazozitegemea, zikishapakuliwa usiku mmoja mtandao ulipo mzuri, zaweza kuwahudumia wanafunzi miezi mingi. Manguredjipa ina dhiki iliyo kubwa kuliko hii, najua. Tangu mwaka 2024 mashambulizi ya waasi wa ADF yamewakimbiza watu wengi wa vijiji vya upande ule, na mwenye kukimbia haulizi habari ya kihariri. Lakini shule hufunguliwa tena, na watoto wa wachimbaji hukua.

Nakala ya masjala kama hiyo huingia katika diski isiyozidi kiganja cha mkono. Mwendesha pikipiki huifunga kwa nailoni mara mbili, akaitia ndani ya koti upande wa kifua, akaondoka Butembo alfajiri. Na akifika Njiapanda akakuta lori limelala katikati ya njia, hushuka, akaisukuma pikipiki pembezoni mwa majani, akaendelea.