Ufinyu-rejea na Kiashiria: Historia ya Istilahi Mbili za Tiba ya Moyo

Mfasiri wa maandishi ya tiba hukwama mara nyingi si kwa kukosa neno, bali kwa kutojua historia ya kitu anachokipa jina. Tuchukue upimaji wa damu unaokusudiwa kubashiri kama mshipa wa moyo uliowekewa stenti utakuwa mwembamba tena.

Stenti ni jina la mtu. Charles Stent, daktari wa meno wa Uingereza katika karne ya 19, alitengeneza mchanganyiko wa kuchukulia umbo la meno. Mwaka 1917 Johannes Esser, mpasuaji Mholanzi, aliutumia kushikilia ngozi aliyoipandikiza kwa majeruhi wa vita, na jina likahama pamoja na kazi hiyo ya kushikilia. Hakuna cha kutafsiri hapo; kutohoa kwatosha.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipanua kwa puto mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho. Tiba ilifaulu, lakini kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa waliotibiwa hivyo baadaye, njia ya damu ilirudia wembamba wake katika miezi michache. Wakati huo neno "kusinyaa" lingefaa, maana mshipa wenyewe ulinywea. Mwaka 1986 Jacques Puel mjini Toulouse na Ulrich Sigwart mjini Lausanne waliweka stenti za kwanza, yaani vijibomba vya wavu wa chuma. Mshipa haukuweza tena kunywea, lakini yalizuka mambo mawili mengine. Moja ni damu kuganda ndani ya stenti: katika ripoti ya 1991 ya wagonjwa 105, takriban robo yao waliziba kabisa, wengi katika majuma mawili ya mwanzo. La pili huja polepole, kwa tishu za ukuta uliojeruhiwa kuota kupita kiasi. Katika jaribio la BENESTENT la mwaka 1994, wembamba ulirudi kwa asilimia 22 ya waliowekewa stenti, na asilimia 32 ya waliotibiwa kwa puto peke yake.

Kuyaita yote mawili "kuziba tena" ni hatari, kwani la kwanza ni dharura ya saa ile ile. Kwa la pili napendekeza ufinyu-rejea: ufinyu hutaja hali ya njia bila kudai kwamba ukuta umesinyaa.

Sasa tuje kwenye damu. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, mjini New York, waliona kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia ina kitu kinachotendana na sehemu C ya bakteria wa ugonjwa huo. Ndiyo asili ya protini tendanishi-C. Herufi hiyo haihusiani na vitamini, kama wengine wanavyodhani. Protini hiyo hupanda kila mwili unapopambana na maambukizo au jeraha. Baadhi ya tafiti ziliona ufinyu-rejea zaidi kwa waliokuwa nayo nyingi kabla ya stenti; nyingine hazikuona uhusiano huo, na stenti zenye dawa, zilizoenea kuanzia 2002 na 2003, zilipunguza sana ufinyu wenyewe.

Kwa hiyo tusiiite "dalili", ambayo mgonjwa huihisi au daktari huiona, wala "kisababishi", jambo ambalo halijathibitishwa. Kiashiria ndilo neno. Katika fomu ya hospitali iandikwe: "Kiwango kikubwa cha protini hii huweza kuashiria uwezekano zaidi wa ufinyu-rejea, lakini hakithibitishi kwamba utatokea."