Kabla ya Kadi, Fungua Sanduku la Bibi

Dada zetu, hasa nyinyi mliokwisha poswa na sasa hamlali kwa kutafuta kadi mtandaoni.

Tunaziona picha mnazotutumia: maua ya rangi za maziwa, herufi za kujipinda mpaka jina la bwana harusi halisomeki. Si haramu kupenda vya wenzetu. Ila tuna kanga, na kanga ni shule nzima ya herufi na michoro.

Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mraba, wakaziunga sita sita kupata nguo moja pana. Neno leso lenyewe ni la Wareno. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa, na madoadoa yake yakaipa jina la ndege kanga. (Ukimtajia mtoto wa Manyoni neno hilo, huenda akawaza kitoweo kwanza!) Maneno yalikuja baadaye, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa 1887 bado linajulikana kwa chapa yake, "Mali ya Abdulla".

Na Singida ilihusika vipi? Kabla ya kanga, nguo iliyokwenda bara ilikuwa merikani na kaniki, vichwani mwa wapagazi. Walitoka Bagamoyo, wakapita Ugogo wakilipa hongo kwa nguo hizo hizo, kisha wakaingia Mgunda Mkali, pori kavu la upande wa Manyoni na Itigi lililoogopwa kwa kiu. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora kupitia Manyoni, na robota la nguo halikuhitaji tena kichwa cha mtu. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam, kanga ikawa ya Mtanzania yeyote. Leo Mnyaturu na Mnyiramba wanatunza bibi harusi kwa doti kama sisi wa visiwani.

Sasa itazameni kwa jicho la fundi. Pindo linazunguka, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji, mara nyingi ndani ya kisanduku: mstari mmoja, herufi kubwa zisizo na madoido, zinazosomeka na jirani aliye ng'ambo ya uwanja. Rangi hazizidi chache. Kisutu chetu cha harusi kimedumu miaka yote kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe tu. Mpelekeeni mchoraji wa kadi picha ya kisutu, aanzie hapo. Shangazi asiyevaa miwani atawashukuru.

Jambo moja linatuuma. Kadi nyingi zimechapwa aya ya Qur'ani kwa wino wa dhahabu, na asubuhi ya pili zimekanyagwa ukumbini. Aya isomwe kwenye nikaha. Kadi ibebe majina, siku na mahali.

Na wewe unayeolewa Singida ukiwa mgeni huko, unayemnunulia mama mkwe doti: usichague kwa rangi pekee. Likunjue dukani, usome jina lote. Yeye atalisoma kabla hajakuambia ahsante.