Sindano ya Nne

Sehemu ya 3

Yaliyopita: Kliniki ya Karatina walinipima presha wakakuta 164 kwa 110, nami nina mimba ya pacha ya wiki 31. Nikakimbizwa Nyeri kwa ambulensi. Mume wangu, mbeba mizigo wa watalii, yuko juu ya Mlima Kenya na simu yake haiingii. Sasa endelea.

Kila sista alipopita na tochi yake nilifumba macho nikajifanya nimelala.

Nilikuwa nahesabu sindano. Ya kwanza nilichomwa Ijumaa saa 12 jioni, ya pili Jumamosi asubuhi, ya tatu jioni yake. Deksamethasoni ile haikuwa dawa yangu, ilikuwa ya mapafu ya wanangu. Daktari alinieleza polepole, viganja vyake akiviambatisha na kuviachanisha: mapafu ya mtoto wa wiki 31 bado hugandamana ndani, na sindano 4, moja kila baada ya saa 12, huyasaidia kufunguka.

"Tukipata siku 2, tutamshukuru Mungu," alisema. "Lakini kichwa kikikuuma, ukiona nyota, ama usikie maumivu hapa chini ya mbavu za kulia, niite. Hapo hatungoji tena. Tunaingia thieta."

Nikaelewa. Nikifungua mdomo, sindano ya nne sitaipata.

Kichwa kilianza saa 5 usiku. Kilianzia kisogoni, kikazunguka hadi nyuma ya macho, kikakaa hapo kikipiga kama mchi kwenye kinu. Nikauma kona ya shuka. Dripu ya magnesiamu, ile ya kuzuia kifafa cha mimba, ilikuwa imenichoma mkono mzima kwa joto, nami nikajidanganya kwamba maumivu yote yanatoka huko.

Picha ya skani ilikuwa chini ya mto. Wasichana wawili. Wa kwanza, kilo 1.7, ametanguliza makalio. Wa pili, kilo 1.2. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Huyo mdogo, basi, ndiye angekuwa mama yangu. Mama tulimzika kabla sijaolewa. Usiku ule nilimshika kwa mkono wangu wa kulia, pale alipojikunja chini ya mbavu, nikamwambia: saa chache tu, mami, vumilia nami.

Kumbe pale mkono wangu ulipokuwa ndipo maumivu mapya yalipoanzia.

Wanawake tumelelewa tukisifiwa kwa kunyamaza. Ukibeba gunia la viazi bila kuguna, wanakusifu. Ukijifungua bila kupiga kelele, wanakusifu zaidi. Nani aliwahi kumsifu mwanamke kwa kusema "naumwa" mapema?

Saa 9 usiku nikamkumbuka baba watoto. Ndiyo saa ambayo wapandaji huamshwa kambini Mackinder, mita 4,200, wawashe tochi za kichwani waanze kupanda kilele cha Lenana walione jua likichomoza. Kila akirudi nyumbani hunisimulia habari ileile: mgeni anayeficha kichwa. Amelipa, ametoka mbali, kilele anakiona pale juu, basi akiulizwa anasema yuko sawa. "Huyo ndiye tunayemshusha kwa machela," husema. "Mlimani kichwa hakifichwi. Ukikificha, unashuka umebebwa."

Nikageuza uso ukutani.

"Dada, ni kichwa?" Mwenzangu wa kitanda cha dirishani, mchuma majani chai kutoka Othaya, alikuwa ameketi akinitazama.

"Hapana. Usingizi tu umenikataa."

"Mbona unakishika hivyo?"

Sikujibu. Nilimsikia akivaa ndara zake, kisha hatua zake zikielekea kwenye meza ya sista. Nilitaka kumwita arudi, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Sista alikuja mbio. Akanifunga kitambaa cha presha, akaifinya pampu, akaisoma presha, akaisoma tena. Hakuniambia ni ngapi. Akachukua nyundo ndogo ya mpira akanigonga goti, nao mguu ukaruka kama wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Akagonga la pili. Likaruka zaidi.

"Mama, kichwa kimeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Mama."

"...Saa 5."

Kimya. Kisha nikasikia sauti yake, sasa ikitetemeka, akimtuma mtu aamshe daktari na chumba cha watoto njiti waandae inkubeta 2. Akarudi karibu, pumzi yake ikanigusa uso.

"Nitazame. Hivi ni vidole vingapi?"

Nikafungua macho. Nikayapanua kadiri nilivyoweza.

"Sista," nikasema, "kwani umeme umepotea?"

"Taa zote zinawaka, mama."

Itaendelea Jumamosi ijayo