Kugonga mtungi, kupima daraja

Mamangu hakuwa akinunua mtungi kabla ya kuugonga kwa kidole. Ukilia kama kengele, aliulipia. Ukitoa mlio butu, aliurudisha, hata kama hakuuona ufa. Nilipokuja kusomea diploma ya uhandisi, nilikuta kanuni hiyohiyo kwenye hesabu.

Boriti ya chuma au zege hunyumbuka kidogo inapobeba mzigo, kisha hurudi ilivyokuwa. Ukiigonga, hutetemeka kwa masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Masafa hayo hutegemea ukakamavu na uzito wake. Ufa hupunguza ukakamavu lakini hauondoi uzito, kwa hivyo masafa hushuka.

Lakini ufa uko wapi? Boriti hutetemeka kwa namna kadhaa pamoja, na kila namna huipinda zaidi mahali tofauti. Ufa ulio mahali panapopindika sana hushusha masafa ya namna hiyo. Ulio mahali pasipopindika hauyagusi. Mwaka 1979, Cawley na Adams wa Uingereza walionyesha kwamba ukilinganisha jinsi masafa mbalimbali yalivyoshuka, unaweza kujua hitilafu iko wapi. Kompyuta huigawa boriti katika vipande vidogo, ikajaribu ufa hapa na pale, kwa kina tofauti, mpaka hesabu ilingane na vipimo.

Njia hii ina mipaka. Daraja la Z24 huko Uswisi lilipimwa karibu mwaka mzima kabla ya kubomolewa 1998. Baridi ilipoganda, lami ilikakamaa na masafa yakapanda, bila daraja kuguswa na mtu. Ufa mdogo nao hujificha. Silver Bridge ya Marekani iliporomoka 15 Desemba 1967 na kuua watu 46. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha takriban milimita 2.5 katika kiungo kimoja cha minyororo iliyoibeba. Ufa kama huo haubadilishi mlio wa daraja zima. Hapo mkaguzi hana budi kukikaribia kiungo chenyewe.

Mama aliutambua mtungi mbovu kwa sababu aliujua mlio wa mtungi mzima. Daraja nalo lipimwe likiwa zima, na vipimo vihifadhiwe. Sisi wa Pwani, ambao chumvi ya bahari hula vyuma vyetu, tuna haki ya kuuliza kuhusu kila daraja tunalolivuka: mlio wake wa uzima umeandikwa wapi?